Mtani Asiyejibiwa

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Mama Mektilda alitoka nje na kopo la maji, akasimama kwenye uzio wa mabua na kuwatukana majirani.

"Nyie wala michembe! Mmeamka, au nije na jembe niwafukie?"

Kisha alitia maji mdomoni, akasukutua taratibu, akatema, akangoja. Hakuwa na haraka. Ng'ambo ya uzio alikaa Kornel, mkulima wa tumbaku, na mara nyingi ndiye aliyetangulia kujibu.

"Nani anabweka huko? Kumbe yule Mluguru mwenye mguu mmoja mrefu! Rudi mlimani kwenu, mama. Huku tambarare utapinduka!"

Na kutoka upande wa barabarani Mzee Limbu, fundi baiskeli, naye alidakia: "Mwache, Kornel. Michembe ni viazi vikavu, inataka meno. Asiye nayo atafanya nini zaidi ya kuitukana?"

Hapo Mama Mektilda alicheka mpaka maji yakamwagika, akaingia ndani kunawa. Siku ilikuwa imeanza.

Mtu aliyeshuka kwenye treni pale Igalula kwa mara ya kwanza, akapita na mzigo wake kichwani, angedhani ameangukia ugomvi. Lakini Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mama Mektilda alisema utani wenyewe ulizaliwa njiani, zamani za misafara, babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakiwabebea watu mizigo mpaka pwani. Walifika nchi za Waluguru wakiwa na njaa, wakaiba mihogo, watu wakapigana, wakazikana. Walipochoka kuzikana wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa mdomo tu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Yeye alisimulia hivyo, na akifika kwenye mihogo alinitazama mimi kana kwamba niliyeiba ni mimi.

Alikuja Igalula bado bibi harusi, na mumewe Raymundi, aliyekuwa kwenye genge la kutengeneza reli. Wote wawili walikuwa wa Matombo, kule Morogoro. Hawakujaliwa mtoto. Raymundi alipokufa kwa homa alizikwa hapa hapa, na kwenye msiba ule hakukuwa na ndugu hata mmoja. Walikuwepo watani. Wao walichimba kaburi, wao walipika. Kornel, wakati huo bado kijana, alivaa koti la kazi la marehemu, akachukua nyundo yake ndefu, akawa anapita katikati ya waombolezaji akigonga ardhi na kuinama kusikiliza, vile vile Raymundi alivyokuwa akifanya kwenye reli.

"Hapa pamelegea!" akapiga kelele juu ya kaburi. "Leteni bolti, asije akatoka huyu!"

Mama Mektilda alinisimulia hayo zaidi ya mara moja. "Nilikuwa nimekaa mkekani nataka kufa," alisema. "Nikamwona yule mjinga ndani ya koti la mume wangu, nikacheka. Nilipocheka ndipo nikaweza kulia. Kornel ndiye aliyenibakiza hai."

Naliweka neno hilo hapa mwanzoni kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Nilikaa naye nyumba moja kwa miaka, ndiyo maana nilijua jambo ambalo majirani hawakulijua. Yale matusi ya asubuhi yalikuwa hodi. Alikuwa anasikiliza. "Nyumba iliyolala vizuri inatukana vizuri," aliniambia. Nyumba iliyopigana usiku huchelewa kujibu. Au anajibu mume peke yake, na mke husikii hata sufuria yake. Au jibu linakuja haraka mno, kali mno, kama mtu anayefunga mlango. Asubuhi ya namna hiyo Mama Mektilda hakuingia ndani kunawa. Aliweka kopo chini, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kuteka.

Kuteka ndiko kulikompa jina. Mtani ana haki ya kuchukua kitu chako, kofia, jembe, hata mbuzi, na wewe hukasiriki. Unakwenda kukikomboa na kitu kidogo na matusi mengi. Hilo kila mtu analijua. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtani anaweza kuchukua mtoto.

Alianzia kwa Leodgar, seremala. Aliingia uani kwake, akamkuta mke ana jicho limevimba na binti yao Julieth kajikunja nyuma ya mtungi. Akamnyanyua Julieth, akambeba kiunoni, akatoka naye mpaka barabarani ndipo akapaza sauti.

"Leodgar! Nimekutekea mtoto! Ukimtaka njoo na kuku! Na uje mchana, uje umenawa, mimi siongei na pombe!"

Watu wakacheka. Leodgar angefanya nini? Angekasirika wangemwambia kashindwa na Mluguru. Siku ile ilipita. Mkewe akaja kwetu kumwangalia mtoto, akalala huko huko. Leodgar alibaki na nyumba tupu na mikono yake. Kesho yake mchana alikuja amenyoa, kuku kwapani, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya watu.

"Leodgar mtani wangu," Mama Mektilda akamwambia, "mkono unaopigia misumari ndio huo unaompigia mama watoto? Ndiyo maana meza zako zinachechemea. Mkono unachoka usiku."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Leodgar naye alicheka, kichwa chini, shingo imelowa jasho. Akatoa kuku, akapewa mtoto, na akaambiwa kuku yule ataitwa Leodgar. Alikuwa tetea. Tangu siku hiyo, Leodgar mwenyewe akipita na mbao zake begani, Mama Mektilda alisimama uani akaita: "Leodgar! Toka kwenye mahindi ya watu, unataka nikuchape?"

Sisemi kwamba kila nyumba ilipona. Leodgar aliacha kabisa. Eustace wa kule karibu na mashine ya kusaga alipumzika msimu mmoja akarudia. Lakini wale watoto walikuwa na mahali pa kwenda, na uani kwetu kulijaa kuku wenye majina ya wanaume.

Mtoto akiletwa, Mama Mektilda hakumuuliza kitu. Alimpa gunzi la mahindi, akachukua lake, wakakaa wamepeana migongo, wakapukuchua. Mgongo wake ulikuwa mpana na una joto. Nilipomuuliza kwa nini hakai akamtazama, alisema mtoto aliyeona mambo asitazamwe usoni. Macho ya mtu mzima ni mazito, na yeye amekwisha beba ya kutosha. Kuna aliyekuwa akiruka kifuniko cha sufuria kikianguka. Kuna aliyejikojolea akisikia tu mwanaume anakohoa njiani. Walipukuchua. Siku ya pili au ya tatu, bila kugeuka, aliwaambia:

"Sasa nitukane."

Mtoto aliendelea kupukuchua.

"Nitukane, nimesema. Sema: Mluguru mguu mrefu."

Mtoto alisema kwa sauti ya mbu, akakaza mabega akingoja kofi. Kofi halikuja. Mama Mektilda alicheka. Mtoto akasema tena, kwa sauti zaidi kidogo. Wengine walichukua muda mrefu, lakini siku mtoto aliposimama katikati ya uani akamtukana mtu mzima kwa sauti yote ya kifua chake na asipigwe, ulikuwa unaona uso wake unafunguka. Siku hiyo Mama Mektilda aliniambia pembeni, "Huyu sasa akombolewe."

Mimi pia nilitekwa. Baba yangu wa kambo hakuja na kuku. Nilikaa mlangoni, kila kuku aliyelia njiani nikadhani ni wangu. Halafu tukasikia amehama na mama kwenda huko mashambani upande wa Goweko, na nyumba wameikabidhi kwa mwenyewe. Nilikuwa darasa la nne, sikurudi shule. Mama Mektilda hakusema chochote juu ya jambo hilo. Siku moja alinipa khanga, akaanza kuniita Mpagazi, kwa sababu ya babu zangu wabeba mizigo, basi nikajua nimefika.

Kornel alikuwa na mke, Agnetha, na mtoto mmoja wa kiume, Shigela, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Kwa utani, Igalula nzima haikuwa na mtu kama Kornel. Alikuwa na uwezo wa kukutukana ukoo mzima ukaondoka umeshiba. Mama Mektilda alimpenda, hilo halikufichika. Ndiyo maana mara ya kwanza jibu la asubuhi lilipokuja kali mno kutoka ng'ambo ya uzio, alisimama na kopo mkononi muda mrefu kuliko kawaida yake.

Alimteka Shigela. Kornel akaja mchana wa pili na kuku, na ile ikawa sherehe, watu walikuja kutoka stesheni kusikiliza. Msimu uliofuata, tumbaku ilipouzwa, alimteka tena. Kornel akaja tena, tena safari hii na kuku wawili, mmoja wa akiba. "Huyu wa pili ni wa mwakani, mama, nisikusumbue!" Watu walianguka kwa kicheko. Mama Mektilda naye alicheka. Mimi nilikuwa namtazama Shigela. Alikuwa anamtazama yule kuku wa pili.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ya jua kali. Mama Mektilda alitukana kama kawaida yake na Kornel akajibu hapo hapo, kabla yeye hajatia maji mdomoni, akatukana vizuri kuliko siku zote, bila kupumua. Sufuria ya Agnetha haikulia.

Mama Mektilda aliweka kopo chini.

Tulimkuta Agnetha amekaa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Shigela alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika ukingo wa mkono wa blauzi ya mama yake kwa vidole viwili. Hakuwa analia. Mama Mektilda hakusema neno la utani. Alimbeba mtoto, akanituma kwa Mzee Limbu, na Mzee Limbu akaja na baiskeli, tukamkalisha Agnetha kwenye keria, tukaisukuma mpaka zahanati.

Kesho yake mchana Kornel alikuja. Amenawa, shati limepigwa pasi, jogoo kwapani, nyuma yake kundi la watu waliokuja kucheka.

"Mguu mrefu!" akaita tangu barabarani. "Nimeleta jogoo safari hii! Huyu ndiye utampa jina langu, maana hao wengine wote ni majike kama wenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Eustace alicheka kuliko wote. Kornel akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Haya, Shigela. Twende zetu, Mluguru asije akakutoa kafara."

Shigela alikuwa ndani, mimi nilikuwa naye. Alikuwa na gunzi mkononi, mahindi yake yamekwisha kitambo. Aliendelea kulipukuchua hivyo hivyo, tupu, kidole gumba kinatoka damu. Mama Mektilda aliingia kumwita, akaona kile kidole.

Akarudi nje akasimama. Watu walingoja matusi.

"Vipi, mama," Kornel akasema, "umemeza ulimi?"

"Kornel, chukua jogoo wako."

Wakacheka tena, wakidhani ndiyo inaanza.

"Si utani. Mkono wa Agnetha umevunjika."

Kicheko kilikatika kama kamba. Mzee Limbu, ambaye mwenyewe ndiye aliyesukuma ile baiskeli, akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Mektilda, mtani hakasiriki."

"Basi leo mimi si mtani."

Kornel alikuwa bado anatabasamu, ila kwa mdomo tu. "Masharti ni yako mwenyewe. Kuku, mchana, akili timamu. Nimekosa lipi hapo? Waulize hawa."

"Hujakosa lolote," Mama Mektilda akasema. "Kosa ni langu. Nimekufundisha kwamba ukimvunja mtu unalipa kuku, mnacheka, mnakwenda nyumbani. Jogoo wako simtaki, na mtoto sikupi."

Kornel alisimama, akamwacha jogoo chini amefungwa miguu, akaondoka. Na watu wale waliokuja kucheka waliondoka mmoja mmoja, wakimpita Mama Mektilda kwa mbali kidogo, kama unavyopita shimo.

Siku iliyofuata Mama Mektilda alipanda treni na Agnetha na Shigela kwenda Tabora mjini, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Nilikwenda nao kubeba mzigo. Alieleza yote, hata yale ya kuku, na askari wa kike aliyekuwa anaandika aliacha kuandika akamtazama. Ustawi wa jamii wakasema Agnetha na mtoto wasirudi Igalula kwanza, wakae kwa dada yake Agnetha kule Cheyo. Kornel alikamatwa wiki ile ile. Kesi ilipoanza kusikilizwa Mama Mektilda alikwenda, akasimama, akatoa ushahidi. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akaniambia, "Nimemwita Kornel kwa jina lake lote, na jina la baba yake. Sijawahi."

Asubuhi iliyofuata alitoka na kopo.

"Nyie wala michembe! Mmeamka, au nije na jembe?"

Akasukutua. Akangoja. Kwa Kornel kulikuwa kumefungwa. Kutoka barabarani ikaja sauti ya Mzee Limbu, taratibu.

"Tumeamka salama, mama. Na wewe umeamkaje?"

Alibaki amesimama na maji mdomoni. Kisha akayatema, akaingia ndani.

Nilifikiri watamsema, watamrushia mawe, sijui. Hawakufanya hivyo. Walimheshimu. Kisimani wanawake walimpisha, wakasema, "Shikamoo, mama," wakamtwisha ndoo. Kanisani walimsogezea benchi. Vijana wa stesheni, ambao walikuwa wakimwona tu wanaanza kuchechemea kama wenye mguu mmoja mrefu, sasa walivua kofia. Leodgar alipita na mbao zake, Mama Mektilda akajaribu, akaita kwa sauti ya zamani: "Leodgar! Toka kwenye mahindi ya watu!" Seremala akasimama, akashusha mbao.

"Samahani, mama. Kuku amekusumbua? Nikusaidie kumshika?"

"Hapana, baba. Nenda tu."

Nyumbani hakuwa mtu wa kulalamika. Ila nilimwona jioni amekaa kwenye kile kigoda cha kukombolea, peke yake, mikono magotini.

Kibaya zaidi kilikuja kwa Eustace. Tulisikia vitu vikivunjika kule kwake, na asubuhi nyumba ilikuwa kimya kabisa. Mama Mektilda akajifunga khanga, akaenda. Bernadeta, mke wa Eustace, alikuwa amesimama mlangoni, amejaza mlango wote, watoto nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuteka."

Bernadeta hakucheka. Shavu lake lilikuwa na alama ya vidole. "Watoto wazima, mama. Asante."

"Nilisikia..."

"Ilikuwa homa, mama. Mtu anaweweseka, anaangusha vyombo." Akashusha sauti. "Wewe sasa ukimchukua mtoto, ni polisi. Nani atanilimia? Tafadhali, mama yangu. Nenda salama."

Nyuma ya gauni lake mtoto mmoja, ambaye aliwahi kupukuchua mahindi kwetu, alichungulia. Alifungua mdomo. Mama yake akamrudisha nyuma kwa kiganja.

Tulirudi nyumbani. Njiani Mama Mektilda alisema, kama anayeongea na barabara, "Mlango niliokuwa naingilia nimeuvunja mwenyewe. Na ilibidi." Halafu baada ya hatua kadhaa: "Ilibidi, Mpagazi?"

"Ilibidi," nikasema.

Kilichobaki kilikuwa Shigela. Tulikwenda Cheyo na kapu la mahindi ya gunzi. Agnetha, mkono bado ndani ya plasta, alituambia mtoto hajasema neno tangu wafike. Anakula, analala, ila hasemi. Mama Mektilda hakumkumbatia. Alitandika gunia kivulini mwa ukuta, akakaa, akampa mgongo. Shigela akaja akakaa. Walipukuchua mpaka kivuli kikahama na kapu likaisha. Mama Mektilda alianza kuokota punje zilizoruka.

"Mluguru," Shigela akasema.

Mama Mektilda hakugeuka. "Mluguru gani? Tuko wengi."

"Mguu mrefu."

"Sisikii. Una mdomo wa kifaranga."

"Mluguru mguu mrefu!" Shigela akapiga kelele, na jirani akachungulia dirishani. "Mguu mrefu! Utapinduka!"

Hilo la kupinduka lilikuwa la baba yake. Sote tulilisikia. Mama Mektilda alijifunika khanga usoni akacheka, na mabega yalitikisika muda mrefu kuliko kicheko.

Mara ya pili tulipokwenda, Agnetha alitupokea kwenye kona, kabla hatujafika nyumbani. Alikuwa amejitanda kama mtu aliyetoka haraka. Alisema mtoto sasa anaongea, ameanza shule, ana rafiki. Kisha akamshika Mama Mektilda mkono.

"Mama, usinielewe vibaya. Ulipoondoka siku ile alikojoa kitandani wiki nzima. Anauliza kama baba naye anakuja na kuku. Akikuona wewe anaona na kule." Machozi yalimtoka. "Yule dada wa ustawi amesema tumwache atulie kwanza."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Haya. Ni sawa," Mama Mektilda akasema. "Ni sawa kabisa, mwanangu." Akampa kapu. Kutoka pale tulisikia watoto wakicheza, na sauti moja inamtukana mwenzake vizuri sana. Alisikiliza kidogo, akaijua. Tukageuza.

Kornel alirudi kwa dhamana, akisubiri hukumu. Alikaa peke yake ng'ambo ya uzio. Alijipikia ugali, ukawa unaungua, harufu inakuja kwetu. Hakuimba, hakumtania mtu. Watu wawili walikuwa wanaishi wamepakana kwa mabua tu, na kila mmoja alisikia mwenzake akikohoa. Mama Mektilda alikuwa ameacha kutoka na kopo. Alinawa uso ndani.

Yule jogoo hakumpa jina. Alimfungua miguu siku ile ile, akamwacha atembee na wengine, ila akiwaita kuku jioni alimruka.

Kisha asubuhi moja nikamsikia anatafuta kopo. Nilitoka, nikamwona amevaa kitenge cha kanisani, na kifurushi kidogo kimewekwa kwenye kigoda. Alikwenda mpaka kwenye uzio.

"Nyie wala michembe!" Sauti ilikuwa ile ile, haikupungua. "Mmeamka, au nije na jembe niwafukie?"

Akatia maji mdomoni. Akasukutua taratibu, akatema, akangoja.

Ng'ambo ya uzio mlango ulifunguka. Nilimwona Kornel kupitia kwenye mabua, anakuja, mikono inaning'inia, ndevu zimeota. Alisimama karibu kabisa. Nilitaka amtukane. Nilitaka aseme kitu chochote kibaya, cha mlima, cha meno, cha mguu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Mektilda aliinamisha kichwa kuelekea kwenye mabua. Nadhani alikuwa anasikiliza, kama alivyosikiliza siku zote, nyumba imelalaje.

"Marahaba, baba," akajibu.

Kornel alirudi ndani. Mama Mektilda alimwaga maji yaliyobaki chini ya uzio, akalifudikiza kopo juu ya mti wa kona yake. Hakunawa uso. Alichukua kifurushi chake.

"Mpagazi."

"Naam."

"Kuku wasilale nje. Ukizembea nitakuuza pwani."

Mtani hujibiwa. "Nani atanunua mfupa kama mimi? Nenda, mguu mrefu. Angalia usipinduke."

Alicheka kidogo, puani. Hakusema anakwenda wapi, na mimi sikuuliza, nilijua hakutaka kuulizwa. Alipita kwa Mzee Limbu, mzee akasimama, akainama kidogo kumpa heshima. Alipita stesheni, hakungoja treni. Akashika njia ya miguu kando ya reli, ile ya watu wa genge, upande jua linakotoka, uliko Morogoro, kifurushi kichwani bila kukishika. Nilimtazama mpaka kitenge kikawa rangi moja na mabua.

Jioni niliwaita kuku. Niliita Leodgar, niliita Eustace, niliita wote wenye majina, wakaja. Jogoo alibaki nje amesimama karibu na uzio, basi nikaenda nikamshika, nikamwingiza bila kumwita.